Kesi ya mwendesha pikipiki hufa siku tatu za kwanza

Kwa Mhariri,

Kila mwendesha bodaboda anapouawa na gari, kilio huwa ni kile kile: sheria iongezewe makali. Naomba nafasi katika gazeti lenu niseme kwamba makali yapo tayari. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema dereva anayesababisha kifo kwa kuendesha kiholela, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa umma, anaweza kufungwa jela hadi miaka 10. Juu ya adhabu hiyo mahakama inatakiwa kumfutia leseni na kumzuia asipate nyingine kwa miaka 3, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kupatikana na hatia au siku atakayomaliza kifungo, ile itakayokuja nyuma. Hiyo si sheria laini. Hata hivyo Wakenya zaidi ya 4,000 wanakufa barabarani kila mwaka, wakiwemo wengi waliokuwa juu ya pikipiki, na ni nadra kusikia dereva amekwenda jela kwa kifungu hicho.

Kesi hizi zinaonekana kufia kortini, lakini huwa zimeshakufa kitambo. Zinafia barabarani na katika uwanja wa kituo cha polisi, ndani ya siku tatu za kwanza, kwa sababu ushahidi haukuokotwa ulipokuwa bado chini. Miezi mingi baadaye hakimu anafunguliwa faili yenye mchoro usio na vipimo, ripoti ya ukaguzi wa gari peke yake bila ya pikipiki, na mashahidi watatu ambao wote walifika baada ya kusikia kishindo. Mshtakiwa anasema pikipiki ndiyo iliyohamia upande wake. Aliyeweza kumkanusha yuko kaburini. Hakimu anabaki na neno moja tu la kusema: mahali pa mgongano hapakuthibitishwa, kwa hivyo dereva hana kesi ya kujibu chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Familia inatoka nje ikiamini hakimu amehongwa, ilhali kilichotokea ni kwamba hakupewa kitu cha kuhukumia.

Tuelewane kwanza juu ya kinachopaswa kuthibitishwa. Kifo peke yake si kosa. Tangu miaka ya sabini mahakama zetu zimeshikilia kwamba lazima kasoro ya dereva ionekane, hata kama hakuitenda kwa makusudi: kwamba alishuka chini ya kiwango cha dereva mwangalifu, na kushuka huko ndiko kulikozaa hatari iliyoua. Kwa hivyo swali la korti ni alifanya nini hasa, sekunde zile nne au tano kabla ya mgongano, na jibu huwa limeandikwa kwenye lami, kwenye bati na kwenye taa.

Tuchukue alama za breki. Gari dogo lililoburura tairi mita 20 kwenye lami kavu lilikuwa likienda takriban kilomita 60 kwa saa lilipoanza kufunga breki. Likiburura mita 45, lilikuwa karibu na 90. Hicho ni kiwango cha chini, kwa maana mgongano wenyewe nao humeza sehemu ya mwendo. Katika miji na vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50. Afisa mwenye futi ya kupimia ya mita 50 na kipande cha chaki anaweza basi kuthibitisha kasi bila kamera wala shahidi wa macho. Lakini alama hizo zinafutwa na mvua moja, na hata pasipo mvua, magari ya jioni moja yanatosha kuzisaga. Magari mapya yenye breki zisizokwama huacha michirizo hafifu sana, ambayo huonekana tu ukiinama na kuiangalia kwa mshazari, jua au tochi ikiwa chini. Asiyeinama ataandika kwamba hapakuwa na alama.

Mahali pa mgongano nako hutafutwa kwa macho yaliyo karibu na ardhi. Pale ambapo pikipiki ilipondwa, kigingi cha kukanyagia au gadi ya injini huchimba lami na kuacha mkwaruzo mweupe, mpya, wenye kingo kali. Vumbi na matope makavu yaliyoganda chini ya madgadi ya gari hudondoka papo hapo kwa ule mshtuko na kuacha doa la udongo. Mahali pikipiki ilipolala si mahali ilipogongwa, na mahali mwili ulipolala si hapo pia. Umbali kati ya sehemu hizo tatu ndio unaoeleza nguvu na mwelekeo. Kila sehemu inatakiwa ipimwe kutoka vitu viwili visivyohama, kama vile nguzo ya stima na ukingo wa kalvati. Mchoro unaosema “mbele ya duka” haumsaidii mtu, na duka lenyewe huenda likawa limevunjwa kesi itakapotajwa.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho sijaona kikithaminiwa inavyostahili, nacho ni balbu. Dereva aliyeua usiku karibu kila mara husema pikipiki haikuwa na taa. Kauli hiyo humwachilia mtu huru, na inaweza kupimwa. Ndani ya balbu ya kawaida mna waya mwembamba uliosokotwa kama springi. Taa ikiwa imewaka, waya huo una joto kali na ni laini. Gari likigonga, mshtuko unauvuta, unapinda na kurefuka, na misokoto yake inaachana. Kioo cha balbu kikipasuka waya ukiwa umewaka, hewa huingia na kuuunguza, ukabaki mweusi au ukaacha unga mweupe wenye umanjano ndani ya kioo kilichosalia. Taa iliyozimwa haina mambo hayo: waya wake ni baridi na mkavu, hubaki na misokoto iliyopangana, au hukatika kwa ncha kali huku ukiendelea kung’aa. Mtaalamu anayajua hayo kwa lenzi ya mkononi. Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi kwa indiketa ya gari, ambayo dereva ataapa kwamba aliiwasha kabla ya kukata kona. Taa za LED hazina waya, hapo njia hiyo haifai. Lakini bodaboda nyingi bado zinatumia balbu za zamani. Tatizo ni kwamba pikipiki hutupwa nyuma ya kituo juani na mvuani, na wiki ya pili mtu ameshaing’oa taa nzima kama spea. Afisa aifungue balbu siku ile ile, aifunge kwa karatasi laini, aitie kwenye bahasha yenye nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na aiandike kwenye orodha ya vielelezo. Kazi yote haizidi dakika kumi.

Vyombo vyote viwili vikaguliwe kabla ya chochote kuachiliwa. Rangi ya gari iliyobaki kwenye tangi la pikipiki, na kimo cha pigo kutoka ardhini kikilinganishwa na kimo cha bampa, huonyesha kama pikipiki iligongwa ubavu, nyuma au uso kwa uso. Shoku za mbele zilizorudi nyuma mpaka gurudumu likagusa injini ni za pigo la mbele. Gurudumu la nyuma lililopinda huku shoku za mbele zikiwa zimenyooka ni la aliyefuatwa na kugongwa kutoka nyuma, na huyo ni vigumu kumshtumu kwamba alihama upande. Mara kwa mara mwenye gari huja na wakili kesho yake akitaka lori lake kwa sababu mzigo unaoza, linaachiliwa kwa dhamana, na mkaguzi analiona baada ya wiki mbili likiwa na breki mpya na bampa lililonyooshwa. Magari ya abiria na malori yana vidhibiti mwendo, na vya kisasa huhifadhi kumbukumbu za kasi. Gari likirudi kazini kumbukumbu za siku ile hufunikwa na za siku zinazofuata. Kamera za kituo cha mafuta kilicho karibu hali kadhalika: mashine hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache. Ombi la kuzihifadhi liandikwe siku ile ile.

Sasa nije kwa neno “sikumuona”, ambalo ndilo utetezi mkuu mchana. Mara nyingi ni kweli hakumwona. Pikipiki kwa mbele ni nyembamba. Nguzo ya kando ya kioo cha mbele cha gari inaweza kuificha yote kwa sekunde nzima ikiwa inakaribia makutano. Na jicho linalotupwa kushoto na kulia kwa haraka hurukia kutoka sehemu moja hadi nyingine, likiacha kati mapengo ambayo ubongo hujaza kwa barabara tupu. Kitu chembamba pia huonekana kiko mbali na kinakuja polepole kuliko kinavyokuja. Ndiyo maana gari linalokata kulia kuvuka njia ya pikipiki inayokuja ni ajali ya kila siku. Lakini maelezo ya kwa nini hakuona si ruhusa ya kutoona. Kifungu cha 46 kinaitaka korti iangalie mazingira yote, yakiwemo hali ya barabara, matumizi yake, na vyombo vilivyokuwepo au vilivyotarajiwa kuwepo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kushikilia. Katika makutano yoyote ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Kakamega, ni dereva gani asiyetarajia pikipiki? Kiongozi wa mashtaka amuulize mshtakiwa alitazama mara ngapi, alisogeza kichwa kuupita huo mhimili, alisimama kabisa au alipunguza tu mwendo. Maswali hayo matatu hayaulizwi vya kutosha.

Kuna wauaji wengine ambao hata hawakuwa kwenye usukani. Sheria inasema pia kwamba anayeacha gari barabarani mahali au katika hali inayohatarisha umma, likasababisha kifo, ana kosa lile lile la miaka 10. Nazungumzia matrela yaliyoharibika na kuachwa usiku kwenye njia, bila taa, bila laifseva (zile pembetatu za kuonya zinazoakisi mwanga), yakiwa na matawi machache yaliyotupwa nyuma. Pigeni hesabu. Mwendesha pikipiki anayekwenda kilomita 60 kwa saa anapita karibu mita 17 kila sekunde. Akihitaji sekunde moja na nusu kutambua na kufikia breki, amekwenda mita 25. Breki zenyewe zitachukua mita 20 nyingine kwenye lami kavu. Jumla 45. Mwanga wa chini wa taa dhaifu ya pikipiki hauonyeshi nyuma ya trela iliyojaa vumbi kwa umbali huo, hasa gari la mbele likiwa limemmulika machoni. Huyo amekufa kabla hajafanya kosa lolote, lakini ripoti huandikwa “mwendesha pikipiki aligonga lori lililosimama” na jalada linafungwa na marehemu mwenyewe kama mkosaji. Ripoti ya namna hiyo inafaa kukataliwa kwa maandishi, familia ikitaja kifungu cha 46 na kuuliza laifseva zilikuwa wapi, kwa mita ngapi, na lori lilikuwa limesimama hapo tangu saa ngapi. Stakabadhi ya mekanika aliyeitwa, au simu ya dereva kwa mwenye lori, hujibu swali hilo la mwisho.

Naomba sasa ndugu zetu wa bodaboda wanisikilize bila kukasirika. Mnapolichoma gari lililomuua mwenzenu, mnachoma kesi yake. Rangi iliyokuwa kwenye bampa imeungua, indiketa imeyeyuka, kidhibiti mwendo kimekuwa majivu, lami yenye alama imepikwa. Isitoshe, mnampa dereva utetezi wa kutosimama, kwa sababu atasema alikimbia kuokoa roho yake, na hakimu ataona picha za moto na kumwamini. Yaliyompata mwanamke mmoja mwanadiplomasia, aliyeshambuliwa na waendesha boda Machi 2022 kwenye Barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi yanatajwa hadi leo na kila dereva anayetoroka. Uchungu naujua. Londiani, Juni 30, 2023, trela moja iliwaua watu zaidi ya 50 kwenye makutano, waendesha boda na wachuuzi wakiwa wamekaa tu kwenye riziki zao. Hakuna anayewaambia msikasirike.

Fanyeni hivi. Mmoja apige 999 au 112 na mwingine amhudumie majeruhi. Helmeti isivutwe ila pale hewa inapoziba. Wawili wasimame mita 50 kila upande kuzuia magari yasikanyage alama. Mwenye simu nzuri apige picha akiwa mbali mita 20 kutoka pande nne, kisha mita 5, kisha karibu kabisa akiweka kalamu au kiberiti kando ya alama ili ukubwa uonekane. Ziwepo nambari ya gari mbele na nyuma, stika ya bima, uso wa dereva akiwa bado amekaa au amesimama kando ya gari, tairi, swichi ya taa za pikipiki, na barabara yenyewe kutoka urefu wa macho ya dereva. Picha zisitumwe kwa WhatsApp pekee, kwa maana huko hupunguzwa ubora na kupoteza saa na mahali zilipopigwa. Zihifadhiwe kwenye simu ile ile, kwa sababu mpigaji ndiye atakayeitwa kuzitoa kama kielelezo. Muhimu kuliko vyote, wale walioona kwa macho yao waandike majina na nambari za simu kwenye karatasi moja, na waende kuandikisha taarifa kituoni kesho yake, hata kama hawajaitwa. Wenzetu wengi huogopa kituo kwa sababu leseni yao imekwisha muda au pikipiki haina bima. Shahidi hashtakiwi kwa kuwa shahidi, na kasoro ya karatasi haiyafanyi macho yake kuwa pofu.

Hilo linanipeleka kwa hoja inayowavunja moyo wajane wengi: kwamba marehemu hakuwa na leseni, au alibeba abiria wawili badala ya mmoja, au hakuvaa helmeti, kwa hivyo hana haki. Si kweli. Katika kesi ya jinai swali ni uendeshaji wa mshtakiwa. Katika kesi ya fidia, uzembe wa marehemu hupunguza malipo kwa kiasi alichochangia katika ajali au majeraha, haufuti madai. Aliyegongwa kutoka nyuma akiwa upande wake hakugongwa kwa sababu ya kukosa leseni.

Baada ya barabara kuna faili. Familia ichukue nambari ya OB siku ya kwanza, jina na nambari ya afisa mpelelezi, kisha abstrakti ya polisi (muhtasari rasmi wa ajali). Ihakikishe upasuaji wa maiti umefanywa kabla ya mazishi. Bila ripoti ya daktari inayosema majeraha ya ajali ndiyo yaliyoua, shtaka la kifungu cha 46 halisimami. Halafu iangalie shtaka lenyewe. Njia ya kawaida ya kuiua kesi kimya kimya ni kuishusha hadi kifungu cha 49, kuendesha bila uangalifu, ambacho dereva hukiri asubuhi, akalipa faini kabla ya saa sita, na kurudi barabarani. Faini hiyo kikomo chake ni Sh100,000. Wakati mwingine shtaka dogo ni halali kwa sababu ushahidi ni mdogo. Lakini familia ina haki ya kuambiwa sababu. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inawapa jamaa nafasi ya kusikilizwa, na makubaliano ya kukiri kosa hayafai kufungwa bila wao kushirikishwa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa kesi bila idhini ya korti. Hivyo ndivyo kinavyosema Kifungu cha 157 cha Katiba. Jamaa wakiwa wamekaa kortini siku ile, hakimu huwauliza. Wasipokuwepo, hakuna wa kuulizwa. Na ikiwa afisa anakalia faili miezi na miezi, barua moja iende ofisi ya kaunti ya Mkurugenzi wa Mashtaka, nakala kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ikitaja OB na tarehe. Kama haijulikani nani wa kulaumiwa, familia iombe uchunguzi wa kifo ufanywe mbele ya hakimu. Hilo lipo kisheria na linasahaulika.

Kuhusu kusameheana, nitasema waziwazi. Kosa ambalo adhabu yake ni miaka 3 au zaidi, isipokuwa sheria imeliita dogo, ni kosa kuu katika sheria za Kenya, na hilo la miaka 10 limo. Suluhu ambayo korti inaruhusiwa kuihimiza ni ya makosa madogo ya kibinafsi, si ya kuua mtu barabarani. Jeneza, ng’ombe wa matanga na laki moja mkononi haviondoi shtaka la Jamhuri. Mara nyingi huwaondoa mashahidi, ambao husikia familia imeshalipwa na kuacha kuja. Vibaya zaidi ni ile karatasi inayoletwa pamoja na pesa za mazishi ili mjane atie kidole gumba: ndani yake imeandikwa kwamba amepokea malipo yote na hatadai tena. Asitie sahihi kitu chochote kabla ya wakili kukisoma, na pesa za mazishi zikipokelewa, stakabadhi iseme ni za mazishi tu.

Hesabu hii inaonyesha kinachopotea. Chukua kijana wa miaka 28 aliyekuwa akibaki na Sh20,000 kwa mwezi. Korti huzidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka ambayo angefanya kazi, tuseme 25, kisha kwa theluthi mbili ambazo zingekwenda kwa familia. Hiyo ni Sh4 milioni. Bima ya thadi pati hulazimika kulipa hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja, na kinachozidi hudaiwa mwenye gari, ambaye kisheria ni yule aliyeandikwa kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini kiasi cha mapato lazima kithibitishwe: taarifa za M-Pesa za miezi sita hadi kumi na miwili ziombwe mapema na msimamizi wa mirathi, pamoja na daftari la chama, malipo ya mkopo wa pikipiki na rekodi za programu ya usafiri kama alikuwa kwenye moja. Bila hayo korti hushuka hadi mshahara wa kima cha chini. Madai chini ya Sheria ya Ajali za Vifo ni ya mke, mume, wazazi na watoto. Ndugu wa kuzaliwa hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyewasomesha. Kibali cha usimamizi, japo cha muda kwa ajili ya kesi, kipatikane kabla ya kufungua dai la mirathi, la sivyo dai hutupwa. Notisi iende kwa kampuni ya bima kabla ya kesi kufunguliwa, au kampuni itasema haikujua. Na kikomo ni miaka 3 tangu siku ya kifo. Watu wengi hungoja kesi ya jinai imalizike ndipo waende kwa wakili, wakakuta muda umekwisha. Msingoje. Dereva akipatikana na hatia baadaye, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi huifanya hukumu hiyo, muda wa rufaa ukishapita, kuwa ushahidi usiopingika wa kosa lake katika kesi ya fidia. Ndiyo maana kampuni za bima hupendelea dereva aachiliwe, na ndiyo maana jamaa hawapaswi kuiona kesi ya jinai kama ya serikali peke yake.

Ninachoomba kwa wakuu hakihitaji bajeti kubwa. Kila kituo cha trafiki kiwe na futi ya mita 50, chaki, tochi, bahasha za vielelezo na fomu moja ya mchoro yenye nafasi za vipimo ambazo haziwezi kuachwa tupu. Gari lisiachiliwe katika kesi ya kifo mpaka mkaguzi ametia sahihi kwamba ameona vyombo vyote. Shtaka likishushwa kutoka 46 hadi 49, sababu iandikwe na nakala ipewe familia. NTSA isimamishe leseni ya dereva anayekabiliwa na shtaka la kifo huku kesi ikiendelea, au korti iweke hilo kama sharti la dhamana, kwa sababu kesi hizi huchukua miaka na mshtakiwa huwa kwenye usukani ule ule.

Lipo moja linalohitaji Bunge. Kifungu cha 73 kinamtaka dereva asimame baada ya ajali. Na asipojitambulisha pale, apige ripoti polisi haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Saa 24 zilikuwa na maana zama ambazo kituo kilikuwa mwendo wa siku nzima na simu hakuna. Leo zinamfaa mlevi. Mwili wa binadamu huondoa takriban kipimo kimoja cha pombe kwa saa. Aliyeua saa tano usiku akiwa amekunywa chupa sita, akajisalimisha saa nane mchana na wakili wake, atapuliza kifaa na kukutwa safi. Kamati ya Bunge la Kitaifa kuhusu Uchukuzi na Miundomsingi ipunguze muda huo hadi saa 2 pale mtu alipokufa au kuumia vibaya, iruhusu ripoti kwa simu inayorekodiwa ikiwa dereva anahofia umati, na ielekeze kipimo cha kilevi kifanywe kituo cha kwanza anachofika, popote kilipo nchini.

Wakili wa kesi za ajali,
Nakuru